Mgombea Binafsi na Hukumu Iliyotoka Dodoma

Mwishoni mwa Novemba 2014 mji huu wa Dodoma ulisimama. Kila penye televisheni palijaa watu, maana siku hizo Bunge lilikuwa bado linarushwa moja kwa moja na TBC. Kamati ya Hesabu za Serikali, PAC, ilikuwa imeleta taarifa yake kuhusu fedha zilizochotwa kwenye akaunti ya Tegeta Escrow iliyokuwa Benki Kuu, ambako fedha ziliwekwa zikisubiri mgogoro wa malipo ya umeme uishe, zaidi ya shilingi bilioni 300. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Zitto Kabwe. Aliyekuwa amelipigia kelele jambo lile bungeni miezi kadhaa nyuma, mpaka akarushiana maneno makali na Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ni David Kafulila wa Kigoma Kusini. Mwezi uliofuata Mwanasheria Mkuu, Frederick Werema, akajiuzulu. Rais akamwondoa Anna Tibaijuka kwenye uwaziri. Januari 2015 Sospeter Muhongo naye akaachia Wizara ya Nishati na Madini.

Watu wengi wanayakumbuka hayo. Wachache wanakumbuka kwamba wabunge hao wawili walikuwa wamefika mwaka huo kwa msaada wa mahakama. Kafulila alivuliwa uanachama na NCCR-Mageuzi Desemba 2011, akakimbilia mahakamani kiti kisimponyoke, na akabaki nacho. Zitto alivuliwa nyadhifa zake Chadema mwishoni mwa 2013, na mwanzoni mwa 2014 akapata zuio la mahakama ili chama kisiujadili uanachama wake. Machi 2015 kesi yake ilipotupwa, chama kikatangaza papo hapo kwamba si mwanachama tena, na mwezi huohuo akasimama bungeni kuaga.

Sasa yaondoe hayo mazuio mawili ya mahakama, uone nini kinabaki. Novemba 2014 Kafulila yuko kwao Kigoma, hana ubunge. Zitto hana kamati ya kuiongoza. Wananchi wa majimbo yao hawajabadili mawazo hata kidogo, hawajaulizwa, ila wabunge wao wameondoka kwa sababu kikao cha chama kimeamua hivyo. Mimi naishi Dodoma, nauona mlango wa Bunge kila siku ninapokwenda kufungua duka, na kila nikiwaza habari hii naumia.

Sheria yenyewe haijajificha. Ibara ya 67 ya Katiba inasema mtu hawezi kuwa mbunge mpaka awe mwanachama wa chama cha siasa na awe amependekezwa na chama hicho. Ibara ya 39 inasema hivyo hivyo kwa urais. Kisha ibara ya 71 inamalizia kazi: mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama alichochaguliwa nacho, ubunge umekwisha. Na Katiba hiyohiyo, ukirudi nyuma hadi ibara ya 20, inapiga marufuku mtu yeyote kulazimishwa kujiunga na chama. Soma zote kwa pamoja utaelewa kwa nini Mchungaji Christopher Mtikila, mwanasiasa aliyedai haki ya mgombea binafsi, yaani mtu kugombea bila chama, hakuweza kunyamaza.

Kesi ya kwanza ya Mtikila ilikuwa ya hapa. Ilifunguliwa mwaka 1993 katika Mahakama Kuu, Dodoma, mbele ya Jaji Kahwa Lugakingira. Naona ajabu sana kwamba vijana wa mji huu wanajua kila kona ya Nyerere Square lakini hawajui kwamba hukumu mojawapo kubwa kuliko zote katika historia ya haki za raia wa nchi hii imetoka mtaani kwao. Oktoba 1994 Jaji Lugakingira aliamua kwamba raia ana haki ya kugombea bila kupitia chama chochote. Katika hukumu hiyohiyo akasema kuwalazimisha watu waombe kibali cha polisi ndipo wafanye mkutano wa hadhara ni kinyume cha Katiba. Jaji mmoja, hukumu moja.

Haki ile haikufika hata mwaka mpya. Serikali ilishapeleka bungeni muswada wa kubadili Katiba, na Desemba 1994 ukapitishwa, ukawa Mabadiliko ya Kumi na Moja. Kilichokuwa kimetolewa na jaji Oktoba kikachukuliwa na wabunge Desemba, na uchaguzi mkuu wa kwanza tangu vyama vingi virudishwe, wa 1995, ukafanyika bila mgombea binafsi hata mmoja. Mtikila hakuchoka. Alirudi Mahakama Kuu, Dar es Salaam, na Mei 2006 majaji watatu wakampa haki tena. Serikali ikakata rufani. Juni 2010 majaji saba wa Mahakama ya Rufani, wakiongozwa na Jaji Mkuu Augustino Ramadhani, wakasema mahakama haina mamlaka ya kufuta ibara ya Katiba na kwamba jambo hilo ni la kisiasa, liamuliwe na Bunge. Mtikila akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, pamoja na Chama cha Wanasheria Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Tarehe 14 Juni 2013 akashinda. Hiyo ndiyo kesi ya kwanza ambayo mahakama hiyo iliamua kiini cha madai yenyewe, na ni kesi ya Mtanzania dhidi ya Tanzania.

Mtikila alifariki kwa ajali ya gari Oktoba 2015, wiki chache kabla ya uchaguzi ambao naye hangeruhusiwa kugombea bila chama. Sikuwahi kukubaliana na maneno yake mengi, mengine yalinichukiza. Lakini miaka ishirini mtu mmoja kulivuta jambo moja kutoka Dodoma hadi Arusha, hiyo ni kazi ambayo taifa linamdai shukrani.

Nina duka la steshenari karibu na Uhindini. Msimu wa watia nia ukifika, duka halilali. Watu wanaleta vyeti vya kutoa kopi, picha za pasipoti, wasifu wa kuchapa upya kwa sababu wa mwanzo ulikuwa na makosa. Nimekaa nao, nimewasikiliza, na nimejifunza mengi kuliko niliyosoma magazetini.

Mmoja alikuwa mwalimu wa sekondari kutoka Bahi. Mwanamke mpole, anayeongea taratibu, alikuwa na bahasha ya kaki yenye vyeti vyake vyote na barua za vijiji ambavyo alikuwa amevisaidia kufuatilia kisima cha maji hadi kikachimbwa. Alichukua fomu ndani ya chama chake, akashinda kura za maoni, tena kwa kura nyingi. Jina lilipokwenda juu halikurudi. Likarudi la mwingine. Siku aliyokuja kuchukua karatasi alizokuwa ameziacha dukani aliniuliza, "Kaka, kule Tume hakuna fomu ya mtu asiye na chama?"

Nikamwambia, "Hakuna, Mwalimu."

Akaniambia kwamba vyama viwili vidogo vilikuwa vimempigia simu wiki ile, kila kimoja kikimtaka aje achukue fomu kwao, muhuri upo, katibu yupo tayari kusaini. Alikataa vyote. "Nitawaambiaje watu wangu kwamba naamini ilani ambayo sijawahi hata kuishika mkononi?" Akakunja bahasha yake, akaenda stendi.

Kwa nini mtu mwaminifu kama yule asigombee kwa jina lake mwenyewe? Sheria inayodai kulinda siasa safi inamwambia adanganye kidogo, avae fulana ya rangi asiyoiamini, ndipo aruhusiwe kusimama mbele ya wapigakura. Ndiyo maana vyama vyetu vingi vidogo vimegeuka magari ya kukodi: yanakaa kimya miaka minne, mwaka wa tano yanapakia yeyote aliyekatwa kwingine. Tunavilaumu kwamba havina wanachama wala msimamo, na ni sheria ndiyo inayovigeuza hivyo. Mtu wa Bahi anayetaka kuanzisha chama chake mwenyewe badala ya kukodi anatakiwa awe na wanachama 200 katika kila mkoa kati ya mikoa isiyopungua 10, na miwili kati ya hiyo iwe Zanzibar. Kwa ajili ya kisima cha Bahi!

Mwaka 2020 nchi nzima ilikuwa ikirudia ule msemo kwamba wajumbe, yaani wanaopiga kura za mchujo ndani ya chama, si watu wazuri. Watu walicheka sana. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nafikiria jinsi katika majimbo mengi ya mikoa yetu hii ya kati uchaguzi unavyokuwa umekwisha siku ambayo wajumbe wamepiga kura na vikao vya juu vimepitisha jina. Siku ya uchaguzi mkuu inabaki ya kuthibitisha.

Kuna mzee wa mtaa wa Kikuyu, hapahapa Dodoma, ambaye huja kutoa kopi za karatasi zake za pensheni, naye hupenda kukaa kidogo akiona kiti kiko wazi. Nikamwuliza siku moja, "Shikamoo babu. Hivi enzi zenu za chama kimoja mlikuwa mnachagua nini?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Tulichagua jembe au nyumba."

Na alisema kweli. Mwaka 1965 TANU ilisimamisha wagombea wawili katika karibu kila jimbo, mmoja akapewa alama ya jembe, mwingine nyumba, na mwananchi yeyote aliyejiandikisha, awe na kadi ya chama au asiwe nayo, ndiye aliyeamua yupi aende. Waziri wa Fedha Paul Bomani aliangushwa namna hiyo. Sisemi tuirudie enzi ile. Mwaka 1968 chama hichohicho kiliwafukuza wabunge kadhaa, akina Joseph Kasella-Bantu na Eli Anangisye, na viti vyao vikaenda na kadi zao. Lakini babu yule alikuwa na kitu ambacho mimi katika mfumo wa vyama vingi sina: alichagua kati ya watu wawili, na mwenye cheo aliweza kuanguka mbele ya wananchi wote.

Ukirudi nyuma zaidi, kuna Herman Sarwatt wa Mbulu. Katika uchaguzi wa 1960, kabla ya uhuru, TANU ilichukua viti 70 kati ya 71. Kile kimoja kilichobaki alikichukua Sarwatt, mwanachama wa TANU aliyegombea kwa kujitegemea dhidi ya mgombea rasmi wa chama chake, Chifu Amri Dodo. Watu wa Mbulu walimtaka yeye. Tanganyika haikugawanyika. Mwaka uliofuata tukapata uhuru, mbunge binafsi akiwa amekaa ndani ya Bunge hilohilo.

Huwa naambiwa: mbunge mmoja peke yake atafanya nini? Swali hili nalipenda kwa sababu jibu lake liko wazi kwa yeyote anayefuatilia vikao vya bajeti, Aprili hadi Juni. Bunge linapokaa kama Kamati ya Matumizi kupitia makadirio ya wizara, mbunge yeyote asiyeridhika na majibu ya waziri anaweza kushika shilingi, yaani kutoa hoja ya kuondoa shilingi moja kwenye mshahara wa waziri. Shilingi moja haimpunguzii waziri chakula, ila inamlazimisha asimame aeleze mbele ya nchi nzima, na wabunge wengine wanapata nafasi ya kuchangia. Kanuni haimwulizi mshika shilingi chama chake kina wabunge wangapi. Ndivyo ilivyo kwa swali la nyongeza, kwa jedwali la marekebisho kwenye muswada, na kwa hoja binafsi.

Mfano hai ni Agosti 2007. Chadema wakati ule ilikuwa na majimbo matano tu. Zitto, kijana, akaleta hoja kuhusu mkataba wa mgodi wa Buzwagi uliosainiwa na waziri akiwa London. Bunge likamsimamisha hadi Januari 2008. Kabla adhabu haijaisha, Rais Kikwete alikuwa ameunda kamati ya Jaji Mark Bomani kuipitia sekta ya madini, na Zitto mwenyewe akateuliwa kuwa mjumbe. Sheria ya Madini ya 2010 ilikuja baada ya hapo.

Tumekuwa pia na wabunge waliobeba vyama vyao peke yao. Mwaka 2010 Augustine Mrema aliingia kwa TLP kutoka Vunjo na John Cheyo kwa UDP kutoka Bariadi Mashariki, kila mmoja akiwa mbunge pekee wa chama chake. Mwaka 2015 Zitto akaja na ACT-Wazalendo na James Mbatia na NCCR-Mageuzi, kila mmoja na jimbo moja. Kwa kazi ya kila siku, hawa hawakuwa tofauti sana na mbunge binafsi. Kanuni zinataka chama kiwe na asilimia 12.5 ya wabunge wote ndipo kiunde Kambi Rasmi ya Upinzani, na chama kisichofikisha asilimia 5 ya kura za ubunge hakipati viti maalum. Mbunge wa peke yake hana kambi ya kumpa muda wala msemaji wa kumtetea. Anategemea busara ya Spika na bidii yake mwenyewe. Wamefanya kazi, Bunge halikuanguka.

Hoja ya upande wa pili ninaiheshimu. Inasema ibara ya 71 inazuia biashara ya kununua wabunge, kwamba bila hiyo mtu angechaguliwa asubuhi na upande huu akauzwa jioni kwa upande ule. Lakini sote tuliyaona ya 2017 na 2018. Maulid Mtulia wa Kinondoni alijiuzulu CUF, Godwin Mollel wa Siha akajiuzulu Chadema, wote wakisema wanaunga mkono juhudi za Rais, na Februari 2018 wakarudi bungeni kwa majimbo yaleyale kupitia CCM. Wengine wakafuata mwaka huohuo. Uchaguzi mdogo baada ya uchaguzi mdogo, kwa fedha za walipakodi. Ibara haikuzuia kuhama. Na aliyehama kwa hiari alipata njia nyepesi ya kurudi, huku aliyefukuzwa kwa kusema asichotakiwa kusema akipoteza kila kitu.

Tena haikati kwa usawa. Novemba 2020 wanawake 19 waliapishwa hapa Dodoma kuwa wabunge wa viti maalum wa Chadema. Siku tatu baadaye chama kikawafukuza, kikisema hakikuwateua, na Mei 2022 Baraza Kuu lake likakataa rufaa zao. Wakaenda mahakamani, wakabaki bungeni hadi Bunge hilo lilipomaliza muda wake mwaka 2025. Siungi mkono jinsi walivyoingia, maana viti maalum vinatokana na kura za chama, havina jimbo. Lakini wenzao wanane wa CUF, nao wa viti maalum, walifukuzwa na chama Julai 2017 na viti vikajazwa upesi. Ibara ni ileile. Raia wa kawaida akiuliza ni lini inafanya kazi na ni lini haifanyi, atajibiwa nini?

Hofu nyingine, kwamba mgombea binafsi ataleta ukabila na udini, nayo ilisemwa mahakamani. Majirani zetu wameijaribu njia hii. Kenya iliiruhusu kwa Katiba ya 2010, na chaguzi za 2017 na 2022 kila moja iliingiza zaidi ya wabunge 10 wasio na chama. Uganda ilipata zaidi ya 70 mwaka 2021. Malawi, mwaka 2019, ilipata 55 kati ya 193, idadi sawa na chama kikuu cha upinzani. Wengi wao ni watu walioona hawakutendewa haki kwenye mchujo wa vyama vyao, na hiyo ni dawa kwa vyama: kiongozi anayejua kwamba aliyekatwa anaweza kugombea na kushinda hukata majina kwa uangalifu zaidi. Hata Marekani, nchi ya vyama viwili, Bernie Sanders wa Vermont na Angus King wa Maine wamechaguliwa maseneta bila chama, wakaketi upande wa Democrats ili wapate nafasi kwenye kamati. Mambo ya kamati hupangika.

Ninachokiogopa kwa kweli ni fedha. Tajiri asiye na chama anaweza kulinunua jimbo bila kikao chochote cha kumhoji. Hilo lidhibitiwe kwa ukomo wa gharama za kampeni unaosimamiwa kweli, na kwa sahihi. Leo mgombea wa ubunge anahitaji wadhamini 25 tu kwa sababu chama kimeshamdhamini. Kenya inamtaka mgombea binafsi wa ubunge alete wapigakura 1,000 waliojiandikisha jimboni. Tuanzie hapo, au tuongeze.

Maneno yenyewe yameshaandikwa, tena hapahapa. Rasimu ya Tume ya Jaji Joseph Warioba ilimruhusu mgombea huru. Bunge Maalum la Katiba, pamoja na ugomvi wote na Ukawa, umoja wa vyama vya upinzani, kutoka nje Aprili 2014, liliiacha ruhusa hiyo kwenye Katiba Inayopendekezwa lililoipitisha Oktoba mwaka huo. Kura ya maoni ya wananchi wote kuhusu katiba hiyo ilipangwa 30 Aprili 2015, ikaahirishwa, na haijafanyika. Uchaguzi wa 2025 umefanyika kwa ibara zilezile za 39, 67 na 71.

Hatuhitaji kusubiri Katiba nzima. Bunge lililobadili Katiba kwa wiki chache mwaka 1994 linaweza kuzirekebisha ibara hizi kwa wiki chache sasa. Mbunge atakayefukuzwa na chama abaki kuwakilisha jimbo lake bila chama hadi uchaguzi ujao. Atakayehama mwenyewe arudi kwa wapigakura. Na atakayeingia bila chama, kisha akashawishika kujiunga na chama katikati ya muhula, naye arudi, aombe kura upya kwa jina la chama hicho.